Sare Zilizotangulia Harusi

Niliozwa kwa mdomo wa bibi yangu mzaa baba, mbele ya afisa wa ukaguzi, saa nne ya asubuhi, mikono yangu ikiwa imejaa unga wa chapati. Nikisimulia, watu hucheka. Mimi mwenyewe hucheka pamoja nao, kwa sababu bibi alikuwa mchekeshaji hata katika balaa. Lakini asubuhi ile nyumbani kwetu hakucheka mtu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, biashara ndiyo kwanza inaanza kufunguliwa Zanzibar. Kabla ya hapo sabuni, sukari na nguo tulivipangia foleni kwenye duka la serikali, na mtu akikutwa na bidhaa nyingi kuliko anazoweza kuzitumia mwenyewe aliitwa mlanguzi. Jina lake la mahakamani lilikuwa kubwa zaidi: mhujumu uchumi. Baba yangu alilichukia jina hilo kuliko ugonjwa. Alikuwa na kiduka chini ya nyumba yetu ya Mji Mkongwe, akiuza vifungo, uzi na sindano, na viberiti vikipatikana. Babu zake walikuwa Waarabu wenye mashamba. Yeye alirithi pua yao na nyumba inayovuja, na kwa ajili ya pua ile aliamini kwamba siku maafisa wakiingia mtaani, wataanzia kwetu.

Basi siku moja redio ikatangaza kwamba mwenye jamaa nje anaweza kuletewa bidhaa, na hatoulizwa fedha kazitoa wapi. Baba aliisikia habari ile mara moja tu, tena redio yenyewe ikikwaruza, akafanya kosa ambalo nadhani wengi wa rika lake walilifanya. Alidhani tangazo ndiyo sheria. Wao walikuwa wamekulia katika amri za redioni: redio ikisema fungeni, walifunga, ikisema fungueni, walifungua. Hakuuliza leseni wala kibali. Alimwandikia dada yake, shangazi yangu aliyeolewa Uarabuni, amletee kanga za kuuza.

Shangazi alikuwa mkarimu lakini mvivu wa kuchagua. Alinunua gora sita, yaani doti sitini, zote rangi moja na ua moja, nyekundu kwa nyeusi, na zote zimeandikwa HASIDI HANA SABABU. Zilikuja katika mizigo ya abiria watatu kwa siku mbalimbali. Baba alizipandisha ghorofani akazipanga chini ya kitanda cha bibi, akisubiri ya mwisho ifike ndipo aanze kuuza.

Kabla hajaanza, tukasikia kwamba kanuni zenyewe bado hazijatoka. Mtu wa mtaa wa pili alikuwa ameshachukuliwa kwa katoni za sabuni.

"Redio imesema ruhusa," baba alisema, kama mtu anayejitetea mbele ya hakimu.

"Redio haina muhuri," mama alimjibu.

Kuanzia hapo tulikaa roho juu. Mlango ukigongwa, mama hushika kifua. Yeye alitaka kanga zile zitupwe baharini furushi kwa furushi. Baba alisema anayetupa mali yake ndiye anayekiri kosa, na tena nani katika Mji Mkongwe amewahi kutupa kitu asionwe na macho kumi? Kuziuza asingeweza, kuzirudisha asingeweza. Bibi alimaliza ubishi kwa kujitia mgonjwa na kulala kitandani juu ya kanga mchana kutwa, akidai supu.

Walikuja watatu. Afisa alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti, na upole ule ndio ulionitisha. Nyuma yake alikuwapo askari, na nyuma ya askari balozi wetu wa nyumba kumi, aliyekuwa akitazama sakafu kwa haya. Walianza dukani, wakapanda juu. Mimi nilikuwa jikoni nakanda unga. Nilipotoka niliwakuta wamesimama chumbani kwa bibi.

"Shikamoo, bibi," afisa alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Tunaomba uinuke kitandani kidogo."

"Nnaumwa."

"Tutakusaidia."

Wakamwinua kwa adabu zote, wakamkalisha kitini, kisha wakavuta mafurushi moja baada ya jingine mpaka kanga zikajaa chini. Afisa alifungua moja, akafungua ya pili, akaona ni ileile.

"Mzee, hizi za nini?"

Baba akafungua mdomo. Baba yangu hakujua kusema uongo, na nilijua kwamba neno litakalotoka litakuwa la kweli, na la kweli lilikuwa jela.

"Sare hizo," bibi akasema kutoka kitini.

"Sare za nini, bibi?"

"Za harusi. Mjukuu wangu huyo hapo anaolewa."

Nani kwetu asiyejua sare? Ndugu, mashoga na majirani wa bibi harusi huvaa kanga za namna moja, na shughuli isiyo na sare huzungumzwa mwaka mzima. Doti sitini za ua moja kwa mfanyabiashara ni ushahidi, lakini kwa mwenye harusi ni jambo la kawaida kabisa. Afisa alikuwa Mzanzibari kama sisi, na niliona usoni mwake kwamba ameshikwa mahali ambapo kitabu chake cha sheria hakikuandika kitu.

Alisoma maandishi ya kanga. "Harusi gani hii, sare zake zimeandikwa hasidi hana sababu?"

"Ungewajua majirani zetu usingeuliza," bibi akamjibu, na balozi akakohoa.

"Harusi lini?"

"Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi," mama alisema upesi. Sauti yake haikuwa yake.

"Na bwana harusi nani?"

Mama alimtazama baba, baba akamtazama bibi. Bibi alinitazama, na hata leo sijui kama alikuwa akiniomba radhi au akinipima.

"Mtoto wa ami yake," alisema. "Yule fundi redio wa Ng'ambo."

Mtoto wa ami yangu nilimjua kwa kumwona Sikukuu, akija kutoa mkono wa Idi na kula tambi. Alinizidi miaka minane, na siku zote alikuwa na bisibisi mfukoni. Hilo ndilo nililolijua juu yake.

Afisa aliandika yote. Kisha alieleza taratibu, kama mwalimu. Zawadi kutoka kwa shangazi kwa ajili ya harusi si biashara, na kama ndivyo, hana ugomvi na mtu. Lakini jalada ameshalifungua. Baba ataripoti kituoni kila Jumatatu mpaka siku ya harusi. Harusi isipokuwapo, hii itakuwa hujuma, na uongo juu yake. Alichukua doti moja ikawa kidhibiti.

"Na mimi mnialike," alisema akishuka ngazi.

Walipotoka, mama alimgeukia bibi. "Mdomo uliponza kichwa, mama! Umetufanya nini?"

"Nimemtoa mwanangu jela. Weye ungesema nini?"

"Na chuo changu?" niliuliza.

Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimepokea barua ya kujiunga na chuo cha ualimu. Nilikuwa nikiisoma barua ile hata baada ya kuihifadhi moyoni, kwa raha ya kuliona jina langu limepigwa chapa. Masomo yangeanza mwezi uleule mama alioutaja kuwa wa harusi. Baba alikwenda kukaa ngazini, na nilipompitia aliinamisha kichwa. Baba yangu alinionea haya, na sikupenda kuliona hilo.

Bado nilijipa matumaini. Nilisema moyoni kwamba uongo huu utasogezwa mbele, harusi itaahirishwa, mtu atasingiziwa kuumwa. Sikumhesabu balozi. Kufika alasiri mtaa wote ulikuwa na habari. Wanawake walipanda ngazi zetu kwa vigelegele, wakanibusu, kisha wakauliza sare zao.

Tungewafanya nini? Kuziuza ilikuwa kumpelekea afisa kesi yake mkononi, hata kama kwetu sare watu huzinunua. Kuwanyima ilikuwa kusema kwamba harusi hakuna. Mama akazigawa bure, doti kwa doti, huku akitabasamu na meno yamekazana. Baba alikuwa chini dukani akiisikiliza mali yake ikishuka ngazi. Kila kanga iliyotoka ilikuwa shahidi wa upande wetu, na kila kanga iliyotoka ilinikaza mimi. Mwanamke aliyekwisha kukata sare yake na kuipinda utamwambiaje kwamba uliteleza ulimi?

Mtoto wa ami aliitwa siku ya tatu. Nilijificha nyuma ya pazia nikasikiliza. Baba alimweleza kila kitu bila kuficha, redio, shangazi, kitanda, afisa, mpaka jina lake lilivyotajwa.

"Ami," alisema, "nkikataa unakwenda jela?"

"Huenda."

"Basi sina la kusema. Mie niko."

Nililia nyuma ya pazia, nusu kwa hasira, nusu kwa kumhurumia. Niliona kwamba na yeye ametegwa kama mimi, tena yeye hakuwapo hata chumbani jina lake lilipotajwa. Nikaanza kumfikiria kama mtu tuliyefungwa naye chumba kimoja.

Miezi iliyofuata ilikwenda vibaya. Kila Jumatatu baba alivaa kanzu safi akaenda kuripoti, na mpaka arudi, mama hakupika. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba mji wenyewe ulikuwa ukibadilika machoni mwetu. Kanuni zilitoka, watu wakapewa leseni, na Darajani kanga za kutoka nje zikaanza kutundikwa milangoni mwa maduka, zikipepea, bila ya mtu kuzifunika. Baba akipita pale hutazama upande wa pili. Nilimuuliza kosa lake ni lipi sasa, ikiwa wenzake wanafanya lilelile wakipewa na risiti.

"Nimemuuliza afisa," alisema. "Kasema la jana ni la jana. Wanasubiri agizo kutoka juu."

Hapo ndipo nilipoanza kuichukia sheria, mimi niliyetaka kuwa mwalimu nikawafundishe watoto kutii. Mwizi ni mwizi jana na leo. Lakini hili la baba lilikuwa na tarehe kama dawa, kabla ya siku fulani ni sumu, baada yake ni halali, na yeye alikuwa amelinywa mapema. Nilimchukia yule afisa mpole kwa upole wake. Nilimchukia na mtangazaji wa redio, ambaye maskini wa Mungu alisoma tu alichopewa.

Jumatatu moja, harusi ikiwa imebaki majuma mawili, baba alichelewa. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Mama alikuwa ameshavaa buibui amfuate, ndipo tukasikia viatu vyake ngazini. Hakunitazama. Alimwita mama chumbani wakafunga mlango, wakakaa humo muda mrefu wakizungumza chini kwa chini. Mama alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Baba kasemaje?" niliuliza.

"Kesho unaanza kusingwa," alisema. "Wala usiniulize kitu, mwanangu."

Nikafahamu, au nilidhani nimefahamu. Nilijua mambo yameharibika, kwamba wameshamtisha, na kwamba kilichobaki kati yake na jela ni mimi. Mpaka siku ile nilikuwa na azma ya kukataa. Nilikuwa nimeshayapanga maneno, yalikuwa matatu tu, baba nisamehe sitaki. Kuanzia Jumatatu ile niliyaacha. Nilikaa nikapakwa singo yenye manukato na hina, na usiku na mchana nilikuwa nikihesabu siku zilizobaki, si kwa ajili ya harusi, kwa ajili ya baba.

Siku ya ndoa baba mwenyewe ndiye aliyeingia kuniuliza, yeye akiwa walii wangu. Chumba kilijaa wanawake wa nyekundu kwa nyeusi, hasidi hana sababu mbele na nyuma. Mke wa afisa alikuwamo, na yeye amejifunga sare yake. Baba aliniuliza kama nimeridhia kuozwa mtoto wa ami yangu kwa mahari yaliyotajwa. Kwetu mwanamwali akinyamaza ameridhia. Niliitazama mikono ya baba, nikanyamaza. Aliuliza tena, nikanyamaza tena. Vigelegele vikapigwa.

Nilihamia Jang'ombe, hukohuko Ng'ambo, kwa mume wangu. Sina la kumtia ila. Hakuwahi kuniinulia mkono, hakuwahi kuninyima, na tulipopata watoto alikuwa akiamka nao. Chuo hakikunisubiri, nafasi ile walimpa mwingine. Nilipokuja kufundisha, nilifundisha chekechea, watoto wa kuimbishwa alifu na kufutwa makamasi, na niliwapenda. Baba aliishi miaka kumi na moja zaidi. Kesi yake haikutajwa tena nyumbani, na mimi sikuuliza, nikijua kwamba nimeilipa. Wakati mwingine, tukikaa na mume wangu tukinywa chai, nilimtazama nikasema moyoni: sisi wawili tulimwokoa mtu. Hilo lilinitosha. Nadhani nililijenga penzi langu juu ya hilo, kwamba hakuna kati yetu aliyemtaka mwenzake, na bado hatukudhuriana.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza nilikwenda Darajani kununua kitambaa cha mapazia. Duka nililoingia lilikuwa kubwa, majora yamesimama mpaka darini. Mwenye duka, mzee wa ndevu nyeupe, alinitazama sana, kisha akaniuliza kama mimi si binti wa muuza vifungo. Nilimjua kwa sauti, ilikuwa pole vilevile. Alikuwa amepunguzwa kazini serikalini wakati wa mageuzi, akaingia kwenye biashara.

"Hasidi hana sababu," alisema akicheka. "Bibi yako alinishinda, wallahi. Baba yuko?"

"Ameshatangulia."

"Innalillahi. Nlimhurumia sana. Ndiyo maana lilipokuja agizo la kufunga majalada yale, wa mwanzo kumwita alikuwa yeye. Nlimwambia, mzee, nenda zako, kesi hakuna. Sasa hata binti asipoolewa hakuna wa kukuuliza. Alilia mbele yangu, mtu mzima."

"Lini hiyo?"

"Jumatatu, alipokuja kuripoti. Wiki mbili kabla ya harusi yenu."

Nilikiacha kitambaa juu ya meza, kimeshakatwa. Aliniita, "Bi, Bi, nguo yako!" sikugeuka. Sikumbuki nilifikaje Jang'ombe. Nakumbuka nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda. Ningemfuata nani? Baba na bibi walikuwa kaburini. Mama alikuwa ameshaanza kusahau hata majina yetu. Yeye na baba walijua. Walikaa chumbani mlango umefungwa, wakapima, upande mmoja mimi, upande mwingine mtaa mzima uliokwisha kukata sare, na wakaona aibu yao ni nzito zaidi. Kisha baba akaja akaniuliza kama nimeridhia, akijua.

Mume wangu alikuwa kibarazani na simu za watu, maana redio zilikuwa hazitengenezwi tena. Nilimsimulia nikiwa nimesimama. Nilitaka akasirike pamoja nami, kwa kuwa tuliibiwa wote wawili. Aliweka chini chuma chake cha kuchomelea.

"Hukushangaa," nilimwambia.

"Nlijua."

"Ulijua nini?"

"Ami alikuja dukani kwangu Jumatatu ileile, kabla hajarudi kwenu. Akaniambia kesi imekwisha, niko huru, nkitaka kujitoa nijitoe, hatonilaumu."

"Ukamwambiaje?"

"Nkamwambia nnataka." Alisema hivyo bila kuona haya, kama kitu alichowahi kukisema mara nyingi peke yake. "Nshakuona wakati ule ukipita na vitabu vyako. Nkamwambia lakini na weye uulizwe. Ami akasema atakuuliza mwenyewe."

"Aliniuliza siku ya ndoa."

"Basi. Nkaambiwa umenyamaza, umeridhia. Nkafurahi mie."

Nikakaa chini. Miaka yote ile nilikuwa naishi na mfungwa mwenzangu, kumbe yeye hakuwa amefungwa. Yeye alikuwa akiishi na mwanamke aliyemchagua na kuchaguliwa naye. Sikujua nimwonee huruma yeye au nijionee mimi. Watoto walikuwa ndani wakigombania redio, na nilisikia kila neno.

"Ungeambiwa," aliniuliza taratibu, "ungesemaje?"

Ningeweza kumdanganya. Familia yetu inajua kudanganya kwa ajili ya mtu unayempenda, na huyu nilimpenda. Lakini nilikuwa nimeshaona mwisho wa uongo wa namna hiyo.

"Ningekwenda chuo," nilimwambia.

Aliitikia kwa kichwa, mara mbili tatu. Akaishika simu aliyokuwa akiitengeneza, akaigeuza, akairudisha mezani. Kisha akaniomba maji ya kunywa, nikaenda kumletea.